Kwa Filomena, Uliyezaliwa Bila Namba Sita

Tunduru, Jumapili ya pili ya Oktoba

Mpendwa binti yangu Mena,

Huu ni mwezi wa nane tangu nitoke nyumbani Kirua. Niliondoka masika hayajaanza, na huku niliko sasa ni vumbi na jua tu, hakuna hata kilima cha kumpumzisha mtu macho. Tunajenga daraja na makalavati kwenye barabara, na kazi yangu mimi ni zege. Leo tumepumzika. Wenzangu wanafua na kucheza karata, mimi nimekaa juu ya ndoo niliyoipindua, kipande cha ubao kiko magotini, ndiyo meza yangu. Vidole vimepasuka kwa saruji, kwa hiyo uvumilie mwandiko. Mimi niliishia darasa la saba, wewe uko kidato cha tatu. Ukiona nimekosea, sahihisha kimoyomoyo.

Mama yako alinipigia simu Alhamisi. Ameniambia umeacha vidonge. Ulimwambia hivi, kama alivyonisimulia: "Mama, nimechoka. Bweni zima wananiita yule anayetumia." Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Kwetu mtu akisemwa anatumia, hakuna anayeuliza anatumia nini, wote wanajua ni dawa za UKIMWI. Ukamwambia pia kwamba wewe ni mzima, mchakamchaka unawaacha wote nyuma, sasa kwa nini umeze dawa asubuhi na jioni kama ajuza. Mama yako alikuwa analia. Mimi nilikata simu nikarudi kwenye zege.

Sikuandikii ili nikugombeze. Naandika kwa sababu nimekuwa nikiufikiria mwili wako siku nyingi, na kadiri ninavyoufikiria ndivyo ninavyoustaajabia, na naona sijawahi kukuambia. Barua naituma bila gundi. Dereva wa lori la nondo anapita Moshi, atamkabidhi mama yako, naye ataileta Mwika shuleni. Isome kwanza wewe. Ukiridhika, msomee matroni, wasomee na hao wasichana wa bweni. Sina ninachoficha humu.

Unakumbuka ile mara ya kwanza? Ulikuwa darasa la pili. Tulikuwa kihambani, kwenye shamba letu la nyumbani, tunachuma kahawa, wewe ukiwa na kikapu chako kidogo ulichokataa mtu asikishike. Ukasema, "Baba, jua linaniumiza macho." Nikacheka, kwa sababu tulikuwa chini ya migomba, na jua lenyewe tulikuwa hatujaliona tangu asubuhi. Mama yako hakucheka. Alikuja akakugusa paji la uso, akajaribu kuinamisha kichwa chako ili kidevu kiguse kifua, shingo ikawa kama mti. Tukakimbia nawe hadi zahanati, na kutoka pale tukateremshwa Moshi. Homa ya uti wa mgongo. Ulilala hospitali siku nyingi, ukapona, tukamshukuru Mungu, tukarudi kwenye kahawa tukidhani yamekwisha.

Mara ya pili ulikuwa darasa la tano, umekwenda likizo Mabogini kwa shangazi yako Restituta, kufukuza ndege kwenye mpunga. Mabogini mtoto akipata homa watu wote wanasema malaria, na mara nyingi wanasema kweli. Shangazi yako naye alianza kusema hivyo. Halafu akakumbuka habari ya shingo aliyosimuliwa na mama yako. Alikujaribu kama mama yako alivyokujaribu, akasimamisha pikipiki barabarani, akakuweka katikati yake na dereva, akakukumbatia mpaka hospitali. Magauni yenu yote mawili yalikuwa na tope la jaruba. Daktari alisema mngechelewa kidogo tu asingejua la kutuambia. Mimi dada yangu yule namheshimu, hata akinisema vibaya kwenye mikutano ya ukoo.

Baada ya hapo ndipo maneno yalipoanza nyumbani. Babu yako alisema mtoto hawezi kupatwa na ugonjwa ule ule mara mbili bure. Kuna mzee chini ya ardhi amesahauliwa, anataka kondoo. Tena akasema mzee huyo hatoki kwetu, ni wa upande wa mama yako. Mama yako alisikia. Hakumjibu, ila kwa muda mrefu hakumpelekea babu chai mwenyewe, alimtuma mdogo wako.

Yule daktari wa watoto yeye aliongea lugha nyingine. Uliponyanyuka kitandani akaniita pembeni, akasema, "Baba Filomena, ugonjwa huu ukija mara moja naweza kuuita bahati mbaya. Ukirudi, lazima niulize mwili wa mtoto unakosa kitu gani." Akasema kipo kipimo. Wanahitaji damu yako kidogo, na damu ya kondoo.

Mena, baada ya hilo neno kondoo mimi sikusikia tena. Nilipanda Kirua siku hiyo hiyo nikamwambia babu yako. Alisimama bila mkongojo. "Si niliwaambia!" akasema. "Hata hospitali wanajua!" Akaingia bandani, akamtoa yule dume wake mwenye mkia mnene, aliyekuwa hataki hata wageni wamtazame sana, akanikabidhi kamba.

Nilishuka naye nyuma ya pikapu ya jirani iliyokuwa inapeleka ndizi sokoni. Getini mlinzi akanizuia kwa lile jina tunaloitwa Wachagga wote. "Mangi, mnada siyo hapa."

"Nimeitwa na daktari," nikamwambia.

"Nani ameitwa, wewe au kondoo?"

"Wote wawili."

Watu waliokuwa kwenye foleni wakaangua kicheko. Mama mmoja akasema huyo kondoo apewe namba, asiruke mstari. Na wewe ukatokeza dirishani wodini, umekonda, kitambaa kichwani, ukapiga kelele, "Ni kondoo wa babu! Jamani ni kondoo wa babu!" Ukacheka mpaka ukashika ubavu. Kilikuwa kicheko chako cha kwanza tangu Mabogini. Hata yule dume angenipotea siku ile, nisingejuta.

Daktari alikuja, akasimama, akaziba mdomo. "Baba Filomena, na huyu anaumwa nini?"

"Si ulisema damu ya kondoo?"

Alicheka akaegemea nguzo. Kisha akaniomba radhi, akasema kosa ni lake, hakunieleza vizuri; damu ya kondoo wanayo tayari, iko kwenye kichupa, kwenye friji. Na hapa ndipo ninapomstaajabia yule mama daktari. Alikuwa na wagonjwa wanamsubiri. Angeweza kuniambia nirudi nyumbani na mnyama wangu. Alisema, "Kwa kuwa umefika na umesumbuka hivi, njoo siku ya kipimo uone kwa macho yako." Mlinzi alimfunga dume kwenye mpera, naye dume akala maua ya hospitali yote aliyoweza kuyafikia.

Niliporudi naye, babu yako alikuwa ananisubiri. "Wamemkataa?"

"Hawajamkataa, baba. Wana wa kwao."

"Wa kwao wa ukoo gani?"

Nilimrudisha dume bandani.

Siku ya kipimo nilisimama kwenye chumba cha maabara nikiwa nimevaa koti jeupe la kuazima, limenibana mabegani. Kijana wa maabara alinionyesha vichupa viwili vyembamba. Vyote viwili alikuwa ametia chembe nyekundu za damu ya kondoo, zimepakwa kitu cha kuufanya mwili wa mtu uzione kama adui. Kwenye kimoja alidondosha yale maji ya njano yanayobaki damu ikiganda, ya kwake mwenyewe. Kwenye cha pili akadondosha ya kwako. Tukasubiri. Chake kilibadilika, kikawa chekundu kinachong'aa, unaona mpaka upande wa pili, kama juisi ya rosela iliyochujwa. Alisema zile chembe zote zimepasuliwa. Chako kilibaki na ukungu, na baadaye chembe zikatulia chini, nzima nzima, juu yakabaki maji matupu. Maji ya damu yako hayakuwa yamepasua chembe yoyote.

Nilijisikia vibaya, kama mtu aliyeona mwanawe ameshindwa mtihani. Daktari akanigusa bega. "Usimwonee huruma kwa hilo," akasema. "Sasa tunajua pa kutafuta."

Sampuli yako wakaipeleka mbali, ikakaa miezi. Majibu yaliporudi tulikwenda wote watatu, wewe, mama yako na mimi. Ulivaa viatu vya Ekaristi vilivyokuwa vimeanza kukubana. Nakumbuka yote aliyotueleza, ila hayakunikaa vizuri kichwani mpaka nilipofika huku Tunduru. Ngoja nikueleze kama ninavyoelewa mimi, mtu wa zege.

Ndani ya damu ya kila mtu kuna protini nyingi zinazoelea zimelala. Nyingi zinatengenezwa kwenye ini. Kwa vitabu zinaitwa komplementi, maana yake kinachokamilisha, kwa kuwa zinakamilisha kazi ambayo kingamwili zimeianza. Nitawaita watu, kwa sababu siwezi kuwafikiria vingine. Wamepewa namba. Wanaamshana. Mmoja akishtuka anamkata wa pili, huyo aliyekatwa ndiyo kwanza anapata nguvu, naye anamwendea wa tatu. Na namba zao hazifuatani: anaanza moja, anakuja nne, halafu mbili, ndipo tatu. Wewe ulimkatiza daktari ukauliza, "Nani aliwahesabu hivyo?" Akacheka, akasema walipewa namba kadiri walivyogunduliwa, watu wakaja kujua baadaye nani anamtangulia nani kazini.

Njia za kuwaamsha ziko tatu. Ya kwanza, kingamwili imeshamshika mdudu, namba moja anaiona, anaanza kuita. Ya pili, wapo wanaomtambua mdudu kwa sukari iliyo kwenye ngozi yake, maana sukari ile haiko kwenye miili yetu. Ya tatu ndiyo inayonishangaza kuliko zote. Namba tatu hasubiri kutumwa. Mchana kutwa, kidogo kidogo, anajishikiza huku na huku, anajaribu, kama mzee anayezunguka kihamba chake hata siku ambayo hajasikia mbwa akibweka. Njia zote tatu zinakutana kwake yeye. Anakatwa vipande viwili. Kipande kikubwa kinaganda juu ya mdudu, kuwa alama kwamba huyu ndiye, mleni. Zile chembe nyeupe zinazokula wadudu zikiona alama hiyo hazijiulizi. Kipande kidogo kinakimbia kupiga baragumu kama la msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, majirani wote watoke na majembe, mishipa ifunguke, walaji waje.

Baada ya hapo anakatwa namba tano. Kipande chake kidogo kinapiga baragumu kali zaidi. Kikubwa kinabaki na kumshika mkono namba sita. Sita anamshika saba. Saba anajipenyeza kwenye ngozi ya mdudu, nane anakwenda ndani zaidi, kisha wanakuja kina tisa, wengi, wanasimama kwa duara, bega kwa bega, kama pete ya kalavati. Katikati ya duara ni tundu. Maji yanaingia kwa tundu hilo, mdudu anavimba, anapasuka. Ndivyo zilivyopasuka chembe za kondoo kwenye kichupa cha yule kijana.

Wewe, mwanangu, huna namba sita. Wengine wote unao. Ulipoambiwa hivyo uliuliza swali ambalo sijalisahau. Uliuliza, "Sasa wale wengine wanafanya nini wakimngoja?"

"Wanasimama," akasema.

Nililiona hilo swali kwa macho huku darajani. Mashine ya kupandishia zege iliharibika, tukasimama kwenye ngazi za mbao, mtu juu ya mtu, karai likipita mikono kwa mikono kwenda juu. Mwenzetu mmoja akashikwa na tumbo, akateremka katikati ya kazi bila kuaga. Aliyekuwa chini yake akanyanyua karai, akanyoosha mikono, hakuna wa kupokea. Wa chini yake naye ana karai. Huko chini wanaendelea kuchanganya. Watu wote tupo, tuna nguvu, zege ni zuri, juu fundi anapiga kelele, "Leteni!" na hakuna kinachofika. Nikasema kwa sauti, "Namba sita."

"Mangi, jua limekupiga?" akauliza wa chini yangu.

"Namwona binti yangu," nikamwambia. Wakasema nipewe maji.

Lakini Mena, sikiliza na hili, kwa sababu hapa ndipo penye jibu la wale wasichana. Pengo lako haliko mwanzoni mwa mstari, liko karibu na mwisho. Kina moja, nne, mbili na tatu wako wanafanya kazi barabara. Alama wanaweka. Baragumu wanapiga. Walaji wanakuja. Ndiyo maana mafua yanakupita kama wengine, kidonda chako kinapona, mbio unakimbia. Wadudu karibu wote wanamalizwa kabla ya kufika kwenye kazi ya kutoboa. Kuna ukoo mmoja tu wa wadudu ambao mwili unawaweza hasa kwa kuwatoboa, na ndio hao walioingia kwenye uti wako wa mgongo mara mbili. Kwa wao peke yao ndipo huna mlango wa kufunga. Mtu akikutazama haoni kitu, kwa kuwa kweli hakuna cha kuona. Uzima wako si uongo na vidonge vyako si uongo. Vyote viwili ni kweli kwa pamoja.

Na wadudu hao wanakaa wapi? Kooni mwa watu wasioumwa, wanahama kwa kikohozi na kwa kulala karibu karibu. Bweni lenu lina vitanda vya juu na chini, madirisha mnafunga kwa baridi ya Mwika. Sikutishi. Nakwambia kama ninavyomwambia mtu aliyesimama chini ya nondo inayoning'inia.

Chanjo ulizochomwa zinaufundisha mwili kutengeneza kingamwili, ili wale wa mwanzo waitane mapema na walaji wafanye zaidi. Vidonge vya penisilini ndivyo vinavyoziba pale anaposimama mtu asiyekuwepo. Nilimwuliza daktari vinamuuaje mdudu. Akasema vinamharibia ukuta wakati anaujenga. Nikaridhika kabisa. Mjenzi anayebomolewa ukuta kila asubuhi na kila jioni hamalizi nyumba. Ila ukimwacha wiki mbili bila kumgusa, anapaua.

Kuna jambo jingine la siku ile ambalo nadhani wewe hukuliona, ulikuwa umeshatoka nje kucheza. Mama yako aliuliza, sauti ndogo sana, "Hii imetoka kwa nani?" Daktari akasema maelekezo ya kutengeneza namba sita mtoto anayapata mara mbili, moja kwa baba, moja kwa mama. Mimi nina moja nzuri na moja mbovu. Mama yako vile vile. Sisi nzuri zetu zinatutosha. Wewe ukaangukiwa na mbovu zote mbili. Mdogo wako hakuangukiwa. Hakuna aliyeteuliwa wala aliyelaaniwa.

Nilimpelekea babu yako habari hiyo. "Kwa hiyo na kwetu imo," akasema.

"Imo, baba. Nusu kwa nusu."

Kesho yake asubuhi alikwenda kwenye mpaka wa kihamba, akakata jani la sale, lile la kuombea msamaha, akavaa lile koti la kanisani, akapanda kwa miguu mpaka kwa wazazi wa mama yako. Unajua mwenyewe, mtu akikuletea sale hana haja ya kuhutubia, na wewe huna ruhusa ya kukataa. Bibi yako alilipokea kwa mikono miwili. Walikunywa pombe ya mbege, na babu yako alirudi akiimba. Mama yako akaanza tena kumpelekea chai mwenyewe. Mimi baba yangu nilikuwa namwogopa. Siku ile nilimpenda.

Na sale lina kazi nyingine, ya kuonyesha mpaka. Daktari alisema hao wapasuaji wana hatari, maana tundu ni tundu. Wakikosea wanaipasua hata nyumba yao. Kwa hiyo kila chembe ya mwili wako imepandwa alama zake, na damuni wanazunguka wengine wenye kazi ya kusimamisha fujo. Namba tatu akijishikiza kwenye chembe yako, anakutana na alama hizo, anafunguliwa, anaondolewa. Akijishikiza kwa mdudu hakuna wa kumfungua. Nikamwambia, "Basi ni masale." Yeye ni mtu wa mlimani pia, alinielewa papo hapo. Alisema wapo wagonjwa ambao alama hizo zimepungua, damu yao inajipasua yenyewe. Tangu siku hiyo nikipita kwenye mipaka yetu, yale majani mabichi yamepangana kimya, hayana mlinzi wala silaha, nafikiri juu ya damu ya watu wote wanaolala usiku bila kujua kuna wanaofunguliwa na wanaoachwa.

Mimi ni mtu wa kubeba. Nimefanya kazi na makundi mengi ya vibarua, na sijaona kundi linaloamshana namna hii, kila mmoja akijua anamwitikia nani na anamwachia nani. Tena umeishi miaka yote hii na pengo katikati yao, nao hawajaacha kazi yao hata siku moja. Nakustaajabia wewe na nawastaajabia wao.

Sasa kuhusu jina walilokupa bwenini. Hapa kambini nalala chumba kimoja na Hamisi, mfunga nondo. Yeye ndiye anayetumia, hasa ile dawa wanayoidhani wenzako. Ameniruhusu niandike. Simu yake inalia jioni wakati wa kula, ina mlio wa jogoo. Ikilia watu wanasema, "Hamisi, kuku wako anakuita," anameza, anakunywa maji kwenye jagi letu sote, anaendelea na ugali. Juzi nilimweleza habari zako, nikamwuliza alizoeaje. Akatafuna kwanza. "Mwaka wa kwanza nilikuwa namezea chooni," akasema. "Najifungia na kidonge, nasikiliza kama kuna mtu nje. Siku moja nikajiuliza, hivi nakimbia nani? Nikatoka nacho nikakaa mezani." Nikamwuliza kama hawakumsema. "Walisema. Kisha wakachoka. Mimi nikawa bado nipo." Kisha akacheka akaniambia, "Mwambie binti yako, wakimwita anatumia, aseme ndiyo, natumia, leteni maji."

Kwa hiyo usiwajibu kwa kuapa kwamba wewe huna ule ugonjwa, kana kwamba mwenye nao ni mtu wa kukimbiwa. Huenda hapo hapo bwenini yupo mmoja anayemeza akiwa amejifunika shuka, anasikia jinsi mnavyosema. Waambie tu ukweli wako. Wakitaka kuelewa, wasomee habari ya namba sita. Wasipotaka, meza mbele yao hivyo hivyo.

Nimeongea na matroni kwa simu ya mama yako, mama yako alipofika shuleni kwenu. Amekubali. Vidonge vyako havitakaa tena kwenye sanduku chini ya nguo. Utaviweka wazi mezani, na jagi la maji pembeni. Ukihisi homa au macho kuumwa na mwanga, hata kama ni katikati ya mtihani, unasimama unasema, na matroni anakupeleka hospitali bila kungoja ruhusa ya mtu. Amesema ataibandika namba ya simu ya daktari ukutani kwake. Mengine yote ni yako. Hakuna mtu anayeweza kukumezea.

Nataka ufanye jambo moja kabla hujaikunja barua hii. Inuka, tia maji kwenye kikombe, meza. Usingoje kesho asubuhi iwe mwanzo mpya. Halafu mwombe matroni simu, mpigie mama yako umwambie neno moja tu, nimemeza. Atanipigia yeye, nami hata nikiwa juu kwenye ngazi nitaliweka karai chini nipokee.

Wachagga wenzangu huku wanahesabu Krismasi ndiyo wapande nyumbani wote kwa pamoja. Mimi nimeshamwambia msimamizi sitasubiri hadi hapo. Shule yenu ikifungwa mwishoni mwa Novemba, nitakuwa nimefika Moshi siku moja kabla, nitalala kwa shangazi yako, na asubuhi nitapanda Mwika kukuchukua. Nitasimama getini. Uje kwa miguu yako mwenyewe, sanduku kichwani, unaongea na wenzako.

Akupendaye sana,

Baba yako